UZI: Nimekaa na fomu za mali za wabunge wa jimbo langu hapa Marekani. Kinachoonekana, na kinachojificha

MtunzaDaftari (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Naishi Columbus, Ohio, kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogondogo. Siasa nilikuwa naipita kando. Kilichonivuta ni pango. Mwaka 2023 tathmini mpya ya kaunti yetu, Franklin, ilipandisha thamani ya nyumba za kuishi kwa wastani wa asilimia 41. Kodi ya majengo ikafuata, wenye nyumba wakaihamishia kwa wapangaji, na mimi ni mpangaji. Katika bunge la jimbo, ambalo liko hapahapa katikati ya mji, miswada ya kodi ya majengo ikawa inaingia mmoja baada ya mwingine. Nikajiuliza: hawa watu 132, wajumbe 99 wa baraza la chini na maseneta 33, wangapi wana nyumba za kupangisha?

Swali hilo lina pa kuanzia, ndiyo maana nimeleta uzi. Tuelewane mapema kwamba siongelei Bunge la Washington. Kila jimbo kati ya 50 lina bunge lake, na hilo ndilo linaloamua bima, leseni za biashara, shule, magereza na haki za mpangaji. Wabunge wa majimbo yote kwa pamoja ni zaidi ya 7,300. Wanagusa maisha ya mtu kuliko wale wa kwenye televisheni, na wengi wao hawajulikani hata mtaani kwao.

Hapa Ohio kila mbunge hujaza tamko la mali na madeni kila mwaka, mwisho wake kwa kawaida ni tarehe 15 Mei, na linapokelewa na kamati ya maadili ya bunge lenyewe. Humo anataja kila chanzo cha kipato, uwekezaji unaozidi dola 1,000, anaowadai na wanaomdai zaidi ya dola 1,000, zawadi zinazozidi dola 75, na ardhi au majengo aliyonayo ndani ya jimbo.

Nilipoifungua ya kwanza nilidhani nimefika. Mtu wa hesabu akipewa orodha ya mali na madeni anajiona ameshika kila kitu. Sikujua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza.

Nitaendelea baada ya kazi. Mwenye swali aweke.

BintMwambao

Nimeweka mkeka. Ila kaka, mbona unasema kamati ya bunge lenyewe ndiyo inapokea? Si ni kesi ya nyani hakimu ngedere hiyo?

MtunzaDaftari

Dada, ndivyo ilivyo hapa, na si Ohio peke yake. New York tamko la mbunge linakwenda kwa tume ya maadili ya bunge. California walipita njia nyingine: mwaka 1974 wananchi wenyewe walipiga kura kupitisha sheria ya mageuzi ya siasa, ikaunda tume huru, na hadi leo wabunge wanajaza fomu namba 700 ambayo tume hiyo inaiweka wazi mtandaoni. Mimi naipenda zaidi ile ya California kwa sababu mwenye kuikagua hakai kiti kimoja na anayekaguliwa.

Lakini hata hiyo 700 ina tundu. Thamani hawaandiki kwa tarakimu kamili, wanatia alama kwenye kisanduku: dola 2,000 hadi 10,000, kisha hadi 100,000, kisha hadi milioni 1, na cha mwisho ni "zaidi ya milioni 1". Mwenye hisa za milioni 1 na laki moja na mwenye hisa za milioni 80 wanatia alama kisanduku kilekile. Mteja akiniletea vitabu vya namna hiyo namrudishia.

Sasa nirudi Ohio. Mbunge haandiki nyumba anayoishi mwenyewe, wala anayoitumia kwa mapumziko yake. Hilo naliheshimu kwa usalama wake. Kinachonisumbua ni kwamba mbunge ambaye ni mwanasheria au daktari halazimiki kutaja wateja wake. Anaandika jina la ofisi ya uwakili na kiwango cha kipato, basi. Ukiuliza ofisi hiyo inamtetea nani, unaambiwa ni siri ya mteja. Siri ya mteja ni kitu cha heshima mahakamani. Ila bungeni, mteja huyohuyo anaweza kuwa ndiye mwenye muswada.

KijitiChaMoto

Mkuu tupe mfano ulio hai, maana hapa bado ni nadharia.

MtunzaDaftari

Mfano ninao, nao ndio ulionifanya nisiamini fomu peke yake.

Sheldon Silver alikuwa Spika wa baraza la chini la New York kuanzia 1994 hadi mwanzoni mwa 2015. Katika jimbo lile bajeti hupangwa na watu watatu: gavana, kiongozi wa Seneti na Spika. Kwa zaidi ya miaka ishirini yeye alikuwa mmoja wao. Na muda wote huo alikuwa mwanasheria mwenye kipato cha nje.

Kwenye tamko lake aliitaja ofisi kubwa ya uwakili inayosimamia madai ya watu walioumia, na maelezo yake yakawa kwamba anawatetea watu wa kawaida. Ukiisoma huoni ubaya. Waendesha mashtaka wa serikali kuu walipofuatilia fedha wakaona sura nyingine. Daktari mmoja mtafiti wa saratani inayoletwa na asbesto alikuwa akielekeza wagonjwa wake kwa ofisi ile kupitia Silver, na Silver akapata ada kwa kila mgonjwa aliyefungua kesi. Upande wa pili, fedha za jimbo, jumla dola 500,000, zilikwenda kwenye utafiti wa daktari huyo kutoka mfuko ambao Spika alikuwa na mamlaka ya kuugawa.

Kulikuwa na njia ya pili, na hii ndiyo inayonihusu mimi mpangaji. Kampuni mbili kubwa za majengo zilipeleka kazi zao za kupinga kodi ya majengo kwa ofisi ndogo ya uwakili, na ofisi hiyo ikawa inamkatia Silver fungu. Fungu hilo kwenye tamko lake halikuwemo kabisa. Wakati huohuo kampuni hizo zilikuwa na maslahi makubwa katika sheria za pango za New York, na Spika ndiye aliyekuwa mezani sheria hizo zilipojadiliwa mwaka 2011.

Alikamatwa Januari 2015, akatiwa hatiani Novemba. Hukumu ikatenguliwa 2017, kwa sababu Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi nyingine ilikuwa imebana maana ya "tendo rasmi" la kiongozi. Akashtakiwa upya, akatiwa hatiani tena 2018. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikaondoa mashtaka ya upande wa daktari, ila ya upande wa majengo yakasimama. Alifungwa miaka 6 na nusu, akafariki Januari 2022 akiwa bado anatumikia kifungo, umri miaka 77.

Angalieni hapo, wakuu. Alijaza fomu kila mwaka, na ilikuwa ya kusomwa. Kipato cha ofisi kubwa kilikuwemo, kwa viwango. Aliyeisoma peke yake asingepata kitu. Ilibidi mtu aiweke pembeni ya daftari la ofisi ya uwakili, pembeni ya orodha ya ruzuku za jimbo, na pembeni ya kura. Madaftari manne mezani kwa mara moja.

MkulimaWaNjoro

Nimesoma kwa makini. Swali langu: kwani hawa wabunge hawalipwi mshahara? Kwa nini waruhusiwe kufanya kazi nyingine?

MtunzaDaftari

Ndugu yangu, hapo ndipo kwenye mzizi, na jibu litakushangaza. New Hampshire ina wajumbe 400 katika baraza la chini, na mshahara wao ni dola 100 kwa mwaka. Hujakosea kusoma, mia moja. Texas ni dola 7,200 kwa mwaka, na bunge hukutana kwa kawaida siku 140 kila baada ya miaka miwili. Nebraska ni dola 12,000. Watu hao hawawezi kuishi kwa posho ya bunge. Ni wakulima, mawakala wa bima, walimu, madalali wa nyumba, wenye maduka ya dawa. Wazo la asili lilikuwa kwamba mtunga sheria atoke miongoni mwa watu na arudi kwao, na mimi wazo hilo silidharau.

Ila lina gharama. Desemba 2017, shirika la habari la Associated Press pamoja na Center for Public Integrity walitoa uchunguzi wa matamko ya wabunge 6,933 waliokuwa madarakani 2015. Angalau asilimia 76 walikuwa na kipato au ajira ya nje. Walimkuta mbunge wa North Dakota aliyesaidia kupitisha mamilioni kwa vyuo ambavyo ni wateja wa biashara yake ya bima. Walimkuta seneta wa Nevada aliyepiga kura zilizowanufaisha wateja wa kampuni ya ushawishi (inayolipwa kuwashawishi wabunge) aliyokuwa akiifanyia kazi. Hawaii, wabunge wawili waliokuwa na shughuli katika sekta ya majengo ya ghorofa walidhamini miswada ya kupunguza vikwazo vya kisheria ambavyo kampuni zao hukutana navyo.

Mengi ya hayo hayakuvunja sheria, nayo ndiyo yanayoninyima usingizi zaidi. Majimbo mengi yana kanuni inayosema mbunge anaruhusiwa kupiga kura ikiwa faida anayopata ni sawa na ya wenzake wa kundi lake. Mkulima atapigia kura ruzuku ya wakulima, kwa kuwa hapati zaidi ya mkulima mwingine. Mwenye nyumba kadhalika.

MwanaWaUvira

Bwana mleta uzi, mimi niko Michigan, tulifika hapa kama wakimbizi na watoto wangu wamesomea hapa. Kwetu fomu hiyo haikuwepo kabisa mpaka juzijuzi.

MtunzaDaftari

Ni kweli kabisa, mzee wangu, na shukrani kwa kulileta. Uchunguzi ule wa 2017 uligusa majimbo 47 kwa sababu matatu hayakudai tamko lolote: Idaho, Vermont na Michigan. Michigan wananchi walichoka. Novemba 2022 pendekezo la kurekebisha katiba ya jimbo lilipita kwa karibu theluthi mbili ya kura, na matamko ya kwanza yakatakiwa kufikia 15 Aprili 2024.

Lakini katiba ilisema jambo kwa jumla, na waliotunga sheria ya utekelezaji ni wabunge wenyewe. Wakatunga fomu ambayo haikulazimisha kuorodhesha mali zilizo kwa jina la mume au mke. Jina la mwenzi na kazi yake unaandika, mali zake hapana. Nyumba kumi za kupangisha zikihamia jina la mke Ijumaa, Jumatatu mheshimiwa ana nyumba moja tu, ile anayolala.

BintMwambao

Hapo kwa mke umenikumbusha marehemu babu yangu. Alikuwa katibu wa tawi, na masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha aliyajua kwa kichwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na Azimio lilifafanua kwamba "kiongozi" maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Hiyo ni 1967! Babu alikuwa anasema sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa na meno.

MtunzaDaftari

Dada, umenigusa. Ni kweli, na kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 masharti hayo yalilegezwa, kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ambapo kiongozi anatamka mali na madeni kwa Kamishna wa Maadili kila mwisho wa mwaka. Ni njia mbili tofauti. Azimio lilisema usiwe navyo. Sheria za tamko, za kwetu na za hapa Marekani, zinasema kuwa navyo ila useme. Ukichagua njia ya pili, basi "sema" hiyo lazima imfikie mwananchi, na lazima imhusishe yule mnayekula naye chungu kimoja.

KijitiChaMoto

Kenya nao mwaka 2025 wamepata Sheria ya Mgongano wa Maslahi inayojitegemea, rais aliitia saini mwezi Julai. Tutaona utekelezaji.

Ila mkuu, rudi kwenye daftari lako. Wewe ulifanyaje? Hatua kwa hatua, maana wengine tungependa kujaribu tulipo.

MtunzaDaftari

Nilichagua mbunge mmoja, wa eneo ninaloishi. Jina sitaliweka, na mtaona sababu.

Nilianza na tamko lake la miaka mitatu mfululizo, nikayapanga sambamba. Tamko la mwaka mmoja ni picha ya mnato. Ukiyapanga unaona kilichoingia na kilichotoka. Mwaka wa pili kuliongezeka kampuni yenye jina lisilo na maana yoyote, herufi mbili na namba. Kipato chake kiwango cha chini.

Nikaenda kwenye daftari la makampuni la ofisi ya katibu wa jimbo. Liko mtandaoni na bure. Nikakuta tarehe kampuni ilipoandikishwa na wakala aliyeiandikisha. Wamiliki hawatajwi hapo, na wengi hukwama kwenye hatua hiyo. Lakini anwani ipo. Nikaichukua hiyo anwani na jina la kampuni nikaenda nalo kwa mkaguzi wa kaunti. Kaunti nyingi za hapa mtu yeyote anaweza kutafuta kiwanja kwa jina la mmiliki, akaona kilinunuliwa lini, kwa bei gani, na kodi kiasi gani. Kampuni ile ilikuwa na nyumba nne. Zote za kupangisha, mbili ziko mtaa ninaopita kwenda kazini.

Daftari la nne ni la bunge: miswada aliyodhamini, kamati anazokaa, na kura zake kwa majina. La tano ni la michango ya kampeni. Hili watu wengi hulichanganya na la kwanza, yaani tamko. Mchango wa kampeni si mali yake binafsi, haumo kwenye tamko, una sheria zake. Ila ukiyaweka pamoja unaona nani anamzunguka.

Usiku kama sita hivi, kahawa nyingi. Jibu langu: ana nyumba nne, amezitamka kupitia kampuni, na amepiga kura mara mbili kwenye mambo yanayogusa wenye nyumba. Kura moja iliwapendelea. Ya pili, na hii nilirudia kuisoma mara mbili, iliwapendelea wapangaji.

Kosa la kisheria sikulikuta. Sheria ya Ohio inamzuia mbunge kupiga kura pale anapokuwa mwajiriwa au mshirika wa kibiashara wa mshawishi anayepigania muswada huo, au wa aliyemwajiri mshawishi. Kuwa mwenye nyumba tu hakumzuii. Ndiyo maana simtaji. Mtu akitaja vitu vyake kama sheria inavyotaka, haifai kuburuzwa mtandaoni kama mwizi.

MkulimaWaNjoro

Basi kama hukukuta kosa, faida iko wapi? Naomba usinielewe vibaya, nauliza kwa nia njema.

MtunzaDaftari

Swali halali ndugu, na nililala nalo.

Kabla ya kukagua, kila alipopiga kura nilikuwa na uchungu tu. Sasa najua nyumba nne ziko wapi na anasimama wapi. Nilimwandikia barua, nikataja nilichokuta, nikauliza jambo moja: kwa nini asiseme kwa kinywa chake mbele ya kamati, kabla ya mjadala, kwamba ana nyumba za kupangisha? Tamko liko kwenye faili. Wananchi wanaokuja kutoa ushahidi mbele ya kamati hawajui. Yule mama anayesimama kueleza alivyofukuzwa na watoto watatu, anastahili kujua aliyekaa mbele yake ni mpangishaji.

Ofisi yake ilijibu baada ya wiki tatu, kwa adabu: matamko yote yamewasilishwa kwa mujibu wa sheria. Ni kweli. Sikuuliza hilo.

Na nikupe upande mwingine. Kuna mambo ambayo hata madaftari yote matano hayakuonyeshi. Michael Madigan alikuwa Spika wa Illinois kwa miaka 36, na ofisi yake ya uwakili ilikuwa ikipinga kodi za majengo makubwa ya Chicago, jambo ambalo kila mtu alilijua na lilikuwa halali. Kilichomtia hatiani Februari 2025, mashtaka 10 kati ya 23, sehemu kubwa ilihusu kampuni ya umeme kuwalipa watu wake wa karibu kwa kazi ambazo karibu hawakuzifanya. Alipewa miaka 7 na nusu na faini ya dola milioni 2.5. Fedha zile hazikupita mfukoni mwake, ziliwafikia wandani wake. Hakuna fomu ya mali inayouliza marafiki zako wanakula wapi. Hapo ndipo polisi na mwandishi wa habari wanapohitajika, na mimi mtunza daftari nafika mwisho wa kamba yangu.

MwanaWaUvira

Mimi hapa nimemwambia binti yangu wa chuo anifungulie ile ya mjumbe wetu. Tumepata kurasa zake. Anauliza aanzie wapi.

MtunzaDaftari

Mzee wangu, mwambie aanze na madeni. Watu wote hukimbilia mali. Deni ndilo linaloonyesha nani anaweza kumpigia mheshimiwa simu usiku na akapokea. Kama mkopeshaji ni benki kubwa ya kawaida, apite. Kama ni mtu binafsi au kampuni ndogo ya jimboni, asimame hapo, aandike jina, alitafute kwenye orodha ya washawishi waliosajiliwa. Kama fomu ya kwenu haiulizi madeni kwa upana huo, hilo nalo aliandike, ni jambo la kumuuliza mjumbe uso kwa uso.

Na aweke tarehe kila anapopakua ukurasa, kwa sababu matamko hurekebishwa. Mimi nilikuta moja limerekebishwa siku kumi na mbili baada ya habari kutoka gazetini. Nisingekuwa na nakala ya kwanza nisingejua.

BintMwambao

Mleta uzi, utatuletea mrejesho?

MtunzaDaftari

Nitaleta. Tarehe 15 Mei ikipita nitayachukua mapya, niyaweke sambamba na yale matatu. Safari hii nachukua kamati nzima inayoshughulikia kodi ya majengo, kila mjumbe wake. Kama kuna mwana jukwaa yuko Cincinnati au Dayton na anaweza kunisaidia na madaftari ya kaunti zake, aniandikie.